Namna ya Kutathmini Ardhi ya Kisiwani Kabla ya Kulima Mazao ya Chakula

Dar es Salaam imejaa watu wenye haki ya shamba katika kisiwa fulani. Mmoja ameachiwa na babu yake vipande viwili vya ardhi kule Mafia, mwingine ana sehemu yake katika eka tatu za familia Unguja, na wa tatu ameoneshwa eneo katika kisiwa cha Kwale au Koma na mtu anayemhakikishia kwamba hapo kila kitu kinaota. Mwongozo huu nimewaandikia hao, kwa kudhani kwamba wanataka kulima chakula, yaani muhogo, mpunga, mahindi, viazi vitamu, kunde, mbaazi na jamii zake, na kwamba hawana fedha za kupoteza msimu mzima ili kujifunza jambo ambalo siku tano za kupima zingeliwaonesha.

Tuanze na swali lenyewe, kwa sababu wengi huliuliza vibaya. Ardhi haiwi nzuri au mbaya kwa jumla. Huwa inafaa au haifai kwa zao lililotajwa, likilimwa kwa namna iliyotajwa. Huo ndio msingi wa mfumo wa kutathmini ardhi ambao Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutoa mwaka 1976, na ambao wataalamu wetu wa udongo wanautumia hadi leo. Mfumo huo huweka ardhi katika madaraja: S1 ni ardhi inayofaa sana, S2 inafaa kwa kiasi, S3 inafaa kwa shida, na N haifai. Bonde la udongo wa kinamo linalotuama maji linaweza kuwa S1 kwa mpunga na papo hapo likawa N kwa muhogo, kwa sababu mizizi ya muhogo huoza katika maji yaliyotuama. Kwa hiyo, kabla ya kufanya lolote, andika katika daftari majina ya mazao unayoyakusudia, kisha kila kipimo utakachochukua kisomwe mbele ya kila zao peke yake.

Kazi ya kufanya ukiwa bado mjini

Sehemu ya tathmini hufanyika hapa hapa jijini bila kupanda boti. Tazama kwanza picha za satelaiti za eneo lako katika simu au kompyuta, na ikiwezekana tazama za miezi tofauti. Ardhi ya mawe ya matumbawe huonekana kama kichaka kifupi chenye madoa ya kijivu, mabonde yenye maji hubaki ya kijani wakati kila kitu kimekauka, na mikoko hukuonesha mahali ambapo bahari hufika. Pima katika picha hiyo umbali wa shamba lako kutoka ufukweni kwa kila upande, kwa sababu utauhitaji mara nyingi huko mbele.

Omba pia takwimu za mvua za kituo kilicho karibu kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Usiridhike na jumla ya mwaka, bali omba za mwezi kwa mwezi na za miaka mingi, kwa kuwa mahindi hayanywi wastani wa mwaka. Mahindi huhitaji takribani milimita 500 hadi 800 za maji katika msimu wake wote, karanga 500 hadi 700, mtama 450 hadi 650, na maharage 300 hadi 500. Ukijumlisha mvua za Machi hadi Mei, kisha za Oktoba hadi Desemba, utaona mara moja kama vuli ya kisiwa chako inatosha kukomaza zao au ni ya kukamilishia tu lililopandwa masika. Mwaka mmoja wa mvua nyingi usikudanganye. Hesabu katika kila miaka kumi ni mingapi ambayo msimu ulishindwa kufikia kiwango hicho.

Jambo la tatu la mjini ni sheria, na hapa nasisitiza kwa sababu nimeona watu wakipima udongo wa mahali ambapo hawakuruhusiwa hata kung'oa nyasi. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, ambavyo wakazi wa Kunduchi na Msasani huviona kila siku, ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, na si mahali pa shamba. Kusini na mashariki mwa Mafia kuna Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, na ndani ya mipaka yake vimo visiwa vyenye vijiji kama Chole, Juani na Jibondo, ambako watu wanaishi na kulima kwa kufuata masharti ya hifadhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inavitaja visiwa vya baharini na maeneo ya mikoko miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa ya hatari. Ardhi ya kijiji kwa Tanzania Bara iko chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka huo huo, kwa hiyo mazungumzo yako ni na Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu wa Kijiji, wala si na mtu mmoja mwenye karatasi. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, na huko mtu wa kwanza kumwendea ni Sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo lile.

Uliza pia habari ya miti. Katika visiwa vyetu, mnazi au mkarafuu unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi inayoubeba ikawa ya mtu mwingine, na mwenye mti ana haki ya kuingia kuangua. Hilo linahusu tathmini moja kwa moja: minazi mikubwa iliyosongamana hutia kivuli ambacho mahindi hayakivumilii, na ikiwa si yako huwezi kuipunguza.

Nenda mara mbili, tena katika nyakati mbaya

Mtu anayeikagua ardhi ya kisiwani katika mwezi wa Juni, mvua ikiwa imetoka kuisha na nyasi zikiwa zimeshiba, anaikuta katika nguo zake za sikukuu. Nenda mara mbili. Safari ya kwanza iwe katikati ya masika, Aprili au mwanzo wa Mei, ili uone maji yanatuama wapi, yanakimbilia wapi na yanabeba udongo kiasi gani. Safari ya pili iwe mwisho wa kiangazi, Septemba au mwanzo wa Oktoba, kabla ya vuli, wakati visima vimeshuka na chumvi imepanda. Kwa anayekwenda Mafia, safari hizo ni basi la kwenda Nyamisati kisha boti hadi Kilindoni, na gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na mbegu, kulimisha na palizi za shamba lisilozaa.

Niliwahi kufuatana na jamaa yangu aliyenunua shamba karibu na pwani baada ya kulitazama mwezi wa Mei. Kisima kilichokuwa hapo kilikuwa na maji matamu kabisa na tulikunywa wote. Alipanda bustani ya kumwagilia mwezi wa Agosti, na kufikia Septemba miche ilikuwa imeungua ncha za majani kana kwamba imepitishiwa moto. Udongo wake haukuwa na kosa lolote, wala hakukuwa na ugonjwa. Kilichobadilika ni kisima.

Anza na maji, kisha udongo

Nchi kavu, mkulima huanza na udongo. Kisiwani, hasa kisiwa kidogo, nashauri uanze na maji, kwa sababu udongo dhaifu unaweza kutiwa nguvu kwa samadi na jasho, lakini maji ya chumvi chini ya shamba hayana dawa ambayo mkulima wa kawaida anaweza kuimudu.

Maji ya mvua yanayopenya ardhini kisiwani hayazami bila mwisho. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, kwa sababu maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi kuliko ya chumvi, na yanafanya umbo la sahani iliyobinuka, nene katikati ya kisiwa na nyembamba kingoni. Kwa hesabu ya kitaalamu, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na takribani mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Geuza hesabu hiyo upate onyo lake: ukichota kwa pampu hadi maji ya kisima yashuke kwa nusu mita, mpaka wa chumvi chini yako unaweza kupanda kwa mita 20 baada ya muda. Hii ndiyo sababu kisima kirefu cha kisiwani mara nyingi ni kibaya kuliko kifupi, na ndiyo sababu pampu yenye nguvu huharibu kisima ambacho ndoo na kamba vilikihifadhi kwa vizazi vitatu.

Kwa hiyo tembelea visima vyote ndani ya nusu kilomita kutoka shambani kwako, vya kutumika na vilivyoachwa. Kilichoachwa kina habari nyingi zaidi. Uliza kiliachwa mwaka gani na kwa nini. Pima kina cha maji kwa kamba yenye jiwe, uandike tarehe na saa. Kisha rudia vipimo hivyo wakati wa bamvua, maji ya bahari yanapojaa sana mwezi ukiwa mchanga au mpevu, na wakati wa maji mafu. Kisima ambacho maji yake hupanda na kushuka pamoja na bahari kimeunganika nayo kwa karibu, na chumvi yake itakuwa ya kuhofiwa zaidi.

Usiuamini ulimi. Mtu aliyekulia katika maji ya kisima cha pwani huyaona matamu maji ambayo maharage yatayakataa. Nunua au azima kipimo cha mkononi cha kupima chumvi ya maji, ambacho husoma upitishaji wa umeme. Ikiwa kinasoma kwa maikrosimensi kwa sentimita, gawanya kwa 1,000 ili upate desisimensi kwa mita, ambayo ndiyo lugha ya majedwali ya kilimo. Kwa miongozo ya FAO, maji yaliyo chini ya 0.7 hayana shida kwa umwagiliaji, ya kati ya 0.7 na 3.0 yanahitaji uangalifu unaozidi kadiri namba inavyopanda, na yanayozidi 3.0 ni ya hatari kwa mazao mengi. Maji ya bahari yenyewe ni kama 50.

Chumvi ya udongo nayo hupimwa maabara, na mazao yanatofautiana sana katika kuivumilia. Kwa kipimo hicho hicho cha desisimensi kwa mita, maharage huanza kupungua mavuno chumvi ya udongo ikizidi 1.0, viazi vitamu 1.5, mahindi 1.7, mpunga 3.0, karanga 3.2, kunde 4.9 na mtama 6.8. Zitazame namba hizo kwa makini, kwani ndani yake mmejibiwa swali ambalo watu huliuliza kila mara: kwa nini kunde hustawi katika shamba lile lile ambalo maharage yamekufa.

Kama visima havifai, hesabu maji ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo bati la mita za mraba 50 katika msimu wa milimita 600 hupokea lita 30,000, ambazo sehemu yake hupotea kwa kumwagika na kuvukizwa. Maji hayo yatatosha nyumba na kitalu cha miche, lakini hayatamwagilia ekari ya mahindi, na ni bora ulijue hilo mapema.

Kuusoma udongo kwa mikono yako

Kabla ya kuchimba, tembea shamba lote pamoja na mtu mzima wa kijiji ambaye amelilima au ameliona likilimwa, na umwombe akutajie kila sehemu kwa jina lake. Wakulima wa Unguja na Pemba wana majina ya udongo yenye maana kamili: kichanga ni mwepesi na hupitisha maji haraka, kinongo ni mwekundu au wa kahawia wenye kina na unaopendwa na mazao mengi, kinamo ni mzito unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, na maweni au uwanda ni ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo kiduchu katika mianya. Mzee anayesema "hapa ni kinongo mpaka kwenye ule mwembe, kutoka hapo ni maweni" amekupa ramani ambayo mtaalamu angehitaji siku mbili kuichora. Ichore, kisha ithibitishe.

Mimea iliyopo nayo hueleza. Matete na ndago nene huonesha unyevu wa muda mrefu, miembe mikubwa yenye afya huonesha kina, na mimea minene ya ufukweni yenye majani yaliyojaa maji, ikionekana ndani ya shamba, ni ishara ya chumvi. Tazama pia shamba la jirani na si lako tu, hasa rangi ya majani ya mahindi yake. Umanjano kati ya mishipa ya majani machanga, huku mishipa ikibaki ya kijani, huambatana mara nyingi na udongo wenye chokaa nyingi.

Sasa pima kina, na hili ndilo zoezi ambalo singekubali mtu aliruke katika kisiwa cha matumbawe. Chukua kamba ya mita 50, mtaimbo mwembamba uliotiwa alama kila sentimita 10, na mtu wa kuandika. Tandaza kamba kukatisha shamba, na katika kila mita chomeka mtaimbo mpaka ugonge mwamba au ufike sentimita 100, kisha uandike kina. Kamba moja hukupa vipimo 50. Tandaza kamba nne au tano katika sehemu tofauti na utakuwa na 200 au zaidi. Hesabu ni asilimia ngapi ya vipimo imezidi sentimita 50, asilimia ngapi iko kati ya 30 na 50, na asilimia ngapi imegonga jiwe kabla ya 30. Mahindi na muhogo huhitaji walau sentimita 50 ili usiwe unabahatisha, viazi vitamu vinaweza kuridhika na 30 ikiwa utavipandia matuta, na mbaazi hupenyeza mizizi katika nyufa ambazo mtaimbo haukuziona. Shamba linaloitwa ekari moja katika karatasi linaweza kuwa robo ekari ya jembe, na bei yake ingepaswa kulifuata jembe.

Baada ya hapo chimba mashimo matatu au manne katika sehemu ambazo ramani yako inazionesha kuwa tofauti, kila moja la kina cha sentimita 80 hivi kama mwamba unaruhusu. Tazama ukuta wa shimo upande unaopata jua. Udongo wa juu wenye rangi ya giza una unene gani? Mizizi inaishia wapi? Madoa ya kijivu na ya kutu katikati ya udongo yanakuambia kwamba maji husimama hapo kwa wiki nyingi kila mwaka, hata kama siku uliyochimba shimo ni kavu kabisa.

Kwa uchanga na mfinyanzi, lowesha udongo kiganjani na uukande mpaka uwe laini, kisha usukume kwa kidole gumba utoke kama utepe. Usipofanya utepe, ni kichanga. Ukikatika kabla ya sentimita 2.5, ni tifutifu. Ukifika 5, una mfinyanzi wa kutosha. Ukizidi 5, ni mzito na unapaswa kufikiriwa kwanza kwa mpunga. Anayetaka uhakika zaidi ajaze udongo theluthi moja ya chupa ang'avu, aongeze maji na chembe za sabuni ya unga, atikise kwa dakika kadhaa na kuiacha. Mchanga hutua katika dakika moja, vumbi laini katika saa mbili hivi, na mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Linganisha unene wa matabaka.

Kasi ya kupenya maji hupimwa kwa shimo la sentimita 30. Lijaze maji, liache liishe, lijaze tena na uangalie saa. Maji yakishuka sentimita 2 hadi 8 kwa saa, mazao mengi yataridhika. Yakizidi sana hapo, mvua ya masika itapita na mbolea yako kuelekea kisimani; yakishuka chini ya sentimita moja, una bonde la mpunga au la magimbi.

Kipimo cha chokaa ni rahisi mno. Tia matone ya siki juu ya udongo mkavu, na ukitoa mapovu, chokaa imo. Udongo wa namna hiyo kwa kawaida huwa na pH (kipimo ambacho hushuka kadiri tindikali ya udongo inavyozidi) ya zaidi ya 7.5, na matokeo yake ni kwamba fosforasi, chuma na zinki, hata vikiwemo, hufungwa visichukuliwe na mmea. Mbolea ya urea nayo ikiachwa juu ya udongo huo hupotea hewani, hivyo lazima ifukiwe. Upande mwingine, vichanga vilivyooshwa na mvua kwa miaka mingi vinaweza kushuka chini ya pH 5.5, ambapo muhogo huendelea bila kulalamika lakini mahindi na maharage huanza kudhoofu.

Mwisho ni sampuli za maabara. Katika kila sehemu yenye udongo wa aina moja, chota udongo wa kina cha sentimita 0 hadi 20 kutoka sehemu 15 hadi 20 kwa kutembea mwendo wa kupindapinda, ukiepuka mahali palipochomwa takataka, palipolala ng'ombe au palipo chini ya mti. Changanya katika ndoo ya plastiki, maana ndoo ya bati hutia zinki katika kipimo. Gawa lundo mara nne, tupa robo mbili zinazotazamana, rudia mpaka ibaki kilo moja, anika kivulini na uandike lebo mbili, moja ndani ya mfuko na nyingine nje. Maabara zinazojulikana ni ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, kituo cha Mlingano mkoani Tanga na ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kwa Zanzibar, anza na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo iliyoko Kizimbani. Omba pH, chumvi, kaboni ya mboji, naitrojeni, fosforasi, potasiamu na zinki. Ikiwa siki yako ilitoa mapovu, sema wazi kwamba unataka fosforasi ipimwe kwa njia ya Olsen, kwa sababu njia zilizotengenezwa kwa udongo wa tindikali hutoa namba zisizoaminika kwenye udongo wa chokaa.

Majibu yakirudi na kuonesha mboji kidogo, usikate tamaa mapema. Ukara, kisiwa kidogo kaskazini mwa Ukerewe katika Ziwa Victoria, kina udongo wa kichanga uliotokana na miamba ya granaiti, na bado watu wake wengi wamelilima eneo lile lile kwa vizazi kwa kufungia ng'ombe ndani, kukusanya samadi, kutengeneza matuta na kupanda mimea ya jamii ya marejea ili kuifukia iwe mbolea. Fundisho lake kwa mtathmini ni la kihesabu: ardhi ya S3 inaweza kupandishwa daraja kwa kazi, ilimradi wapo watu wa kuifanya kazi hiyo kila mwaka. Anayeishi Mbagala na kufika shambani mara mbili kwa mwaka asijiwekee katika hesabu samadi ambayo hakuna atakayeibeba.

Upepo, wanyama na mteremko

Kusi huvuma kutoka kusini katikati ya mwaka na kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka, na vyote viwili hubeba rasha za chumvi. Shamba lililo upande wa upepo bila ukingo wa mivinje au kichaka litapata majani yaliyoungua hata kama udongo hauna chumvi. Kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, kimetukumbusha kwamba migomba na mahindi marefu havipaswi kuwa chakula pekee cha familia katika upande ulio wazi.

Nguruwe mwitu, kima na tumbili huhesabiwa kama sehemu ya ardhi. Uliza watu hulala shambani miezi mingapi kulinda, na kama hakuna atakayekulindia, punguza daraja la mahindi na muhogo kwa hatua moja.

Mteremko unasumbua zaidi Pemba, yenye vilima vingi. Ardhi ikipanda mita moja kwa kila mita 20 za mlalo, huo ni mteremko wa asilimia 5, na hapo matuta ya kukingama yanatosha. Ukizidi asilimia 12 hivi, ardhi hiyo iachiwe miti na nyasi isipokuwa umejiandaa kujenga makinga maji.

Kuoanisha na kuthibitisha

Sasa rudi kwenye daftari. Kwa kila sehemu ya ramani, weka kila zao mbele ya kina, chumvi, maji, pH, upepo na ulinzi, kisha ulipe daraja la kipengele kilicho kibaya kuliko vyote. Usitafute wastani. Kina cha S1 na mvua ya S1 haviwezi kufidia kisima cha N ikiwa zao lako ni la kumwagilia. Kwa desturi ya visiwa vyetu vya bahari, mara nyingi utaona mpunga na magimbi vikishika mabonde, mahindi na viazi vitamu vikienda penye kinongo, muhogo na karanga penye kichanga chenye kina, kunde na mtama penye chumvi kidogo, na mbaazi pamoja na vishimo vya muhogo penye maweni. Kwa muhogo, uliza pia kuhusu michirizi kahawia, ugonjwa unaooza mizizi ndani huku majani yakionekana mazima na ambao unapenda ukanda wa chini wa pwani. Mbegu yako iwe ya aina inayouvumilia, kama Kiroba, na itoke katika shamba safi.

Kisha jaribu kwa kipande. Katika kila sehemu ya ramani tenga mita 5 kwa 5 kwa kila zao lililopata S1 au S2, nusu yake itiwe samadi na nusu isitiwe, na umwachie mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Andika tarehe ya kupanda, tarehe ya mvua ya kwanza, siku ambazo mimea ilinyauka mchana, na uzito wa mavuno ya kila nusu. Kipande chote cha mita 25 za mraba kikitoa mavuno, zidisha kilo zake kwa 162 na utapata makadirio ya kilo kwa ekari. Kwa nusu moja, zidisha kwa 324. Fanya hivyo masika na vuli, kwa sababu msimu mmoja ni ushahidi wa msimu huo tu. Toa katika thamani ya mavuno nauli ya boti, upakiaji, ulinzi na hasara ya kungoja bahari itulie, na zao litakalobaki na ziada katika misimu yote miwili ndilo la kuandikwa kwa wino kwenye ramani. Nakala moja ya ramani hiyo mpelekee bwana shamba wa kata, kwani vipimo vyako 200 vya mtaimbo vitamfaa jirani anayekuja kuuliza habari ya shamba linalopakana na lako.